Mwongozo kamili: Kutembelea bandari za New England na Kanada kwa meli bila kupoteza siku

Naishi Portland, jimbo la Maine, karibu na gati la meli za kitalii. Kuanzia Mei hadi mwanzoni mwa Novemba meli hushusha watu hapa. Hakuna msimu unaopita bila ndugu, au jamaa wa ndugu, kunipigia simu kutoka mojawapo ya bandari hizi na malalamiko yaleyale: "Tumeshuka, tumezunguka, tumerudi. Hatukuona kitu." Katumia akiba ya mwaka mzima, kaishia kwenye maduka ya fulana.

Makosa yao yanafanana. Wanapanga siku kwa kutazama ramani peke yake, na huku bandari hizi zinakwenda kwa saa na kwa maji. Hapa nashughulikia njia ya kawaida ya siku saba hivi ya New England, yaani majimbo ya kaskazini mashariki mwa Marekani, na mashariki mwa Kanada: kuondoka Boston au New York, kisha Portland, Bar Harbor, Saint John, Halifax, halafu kurudi. Mpangilio wa bandari hubadilika kwa kila meli, ila hatua ni zilezile.

## Vitu vya kuwa navyo

- Pasi na viza zote mbili, ya Marekani na ya Kanada (Hatua ya 1).
- Saa ya mkononi ya mishale, ya bei rahisi, isiyojirekebisha yenyewe.
- Kadi ngumu ndogo, moja kwa kila bandari, na kalamu.
- Jedwali la maji kupwa na kujaa la Bar Harbor na Saint John. Kwa Marekani linatolewa bure mtandaoni na NOAA, idara ya serikali ya bahari na hali ya hewa, kwa Kanada na idara yao ya Uvuvi na Bahari.
- Koti la mvua lenye kofia, sweta, na viatu ambavyo soli yake inashika. Oktoba asubuhi inaweza kuwa nyuzi 5, na ukungu wa Ghuba ya Fundy, ilipo Saint John, hulowesha kama manyunyu.
- Ramani za kila mji, zimepakuliwa kwenye simu kabla ya kuondoka. Laini ya Marekani inaweza kukutoza ukiingia Kanada.
- Kadi ya benki, pamoja na noti chache za dola za Marekani na za Kanada.

Mwavuli acha nyumbani. Upepo wa Halifax utaupindua kabla hujafika kona ya pili.

## Hatua ya 1: Maliza suala la viza kabla ya kulipia tiketi

Meli nyingi za njia hii hazipeperushi bendera ya Marekani. Zimesajiliwa Bahamas, Panama, Bermuda na kwingineko. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 hairuhusu meli ya bendera ya kigeni kuwapakia abiria Marekani na kuwazungusha bandari za Marekani tu. Ndiyo maana safari hizi, hata zile zinazotangazwa kwa jina la New England, lazima ziguse Kanada.

Kwa hiyo mwenye pasi ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Kanada hata akiapa kwamba hatatoka chumbani mwake. Nyaraka zinakaguliwa kabla ya kupanda, na asiye kamili anaachwa gatini na masanduku yake. Viza ya Marekani nayo iwe inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu ukitoka Kanada unaingia Marekani upya.

Mwenye ukaazi wa kudumu wa Marekani, yaani green card, hahitaji viza ya Kanada, lakini abebe kadi hiyo pamoja na pasi ya nchi yake iliyo hai. Kadi peke yake haitoshi.

Onyo. Hapa Maine tuna ndugu wengi kutoka Kongo, Rwanda na Burundi ambao maombi yao ya hifadhi bado hayajaamuliwa. Kama ni wewe, usipande meli hii kabla ya kuzungumza na wakili. Kutoka nje ya Marekani bila kibali cha awali kunaweza kuhesabiwa kuwa umeyaacha maombi yako. Likizo ya siku saba haistahili hatari hiyo.

Utajua umefaulu: viza zote ziko mkononi, picha za kila ukurasa muhimu ziko kwenye simu, na nakala ya karatasi iko kwenye mkoba wa kushukia.

## Hatua ya 2: Jaza kadi ya kila bandari

Chukua ratiba ya meli na ujaze kadi moja kwa kila bandari. Yangu ya Saint John safari moja ilisomeka hivi:

*Saint John. Gati. Kufika 08:00. Mwisho kupanda 17:30. Saa ya meli ni ya mji. Maji kupwa 09:40, kujaa 15:50. Jambo moja: maporomoko, mara mbili.*

Basi. Ila kila neno lina kazi yake.

"Gati" maana yake unashuka kwa ngazi na kutembea. Kama ni "nanga," meli inasimama nje na mnapelekwa nchi kavu kwa boti ndogo. Bar Harbor ni ya nanga, kwa hiyo toa saa nzima katika siku yako: nusu ya kwenda, nusu ya kurudi.

"Mwisho kupanda" siyo saa ya kuondoka. Mara nyingi ni nusu saa kabla, meli nyingine zaidi. Andika hiyo peke yake. Saa ya kuondoka usiiandike kabisa, maana ukiiona utaanza kujadiliana nayo.

Na andika kwa tarakimu za saa 24. Shangazi yangu aliambiwa na mwanawe, "Turudi saa kumi," naye akiwa amezoea saa za Kiswahili akajipangia alasiri. Kijana aliyezaliwa Boston alikuwa na maana ya saa nne asubuhi. Wakatafutana sokoni hadi mchana. 16:00 haina ugomvi.

## Hatua ya 3: Chagua saa moja, uifuate hiyo

Hapa ndipo wengi wanapozama. New York, Boston na Maine wanatumia saa za Mashariki. Saint John na Halifax wanatumia saa za Atlantiki, ambazo zimetangulia kwa saa moja: Boston ikiwa saa tano, Halifax ni saa sita.

Meli ina hiari. Nyingine husogeza saa zake usiku mkiwa baharini, nyingine hubaki na saa za Boston safari nzima. Simu haiulizi mtu. Ikinasa mnara wa Kanada, inabadilika.

Mzee mmoja, rafiki wa marehemu baba, aliiacha saa yake ya mkononi kwenye saa za Boston, na meli yake ilikuwa imesogeza. Alikaa kwenye benchi la ufukwe wa Halifax anakula viazi vya kukaanga. Akaona meli kubwa inajivuta kutoka gatini, akaipiga picha. Saa yake ilimwambia ni saa kumi na dakika tano. Halifax ilikuwa saa kumi na moja na dakika tano, na ile meli ndiyo yake. Alilala mjini, alfajiri akaifuata Saint John kwa barabara, zaidi ya kilomita 400. Alibahatika kwamba bandari iliyofuata ilikuwa Kanada hiyohiyo.

Fanya hivi: kila usiku soma kijarida cha meli kinacholetwa chumbani. Kama kinasema saa inasogezwa, sogeza saa ya mkononi palepale kabla ya kulala. Ukishuka, saa ya mkononi ndiyo bosi. Simu ni ya picha.

Utajua umefaulu: ukiwa Halifax utapata mtihani wa bure. Kwenye ngome ya kilimani, Citadel, wanapiga mzinga kila siku saa sita kamili mchana. Mzinga ukilia na mkono wako unasema saa tano, unatembea na saa za Boston. Ni sawa kama meli yako nayo iko hukohuko. Kama sivyo, shika njia.

## Hatua ya 4: Jambo moja kubwa kwa kila bandari

Una saa nane, ukitoa foleni ni sita. Panga jambo moja kubwa na moja dogo la karibu na gati. Kubwa kwanza, dogo baadaye, ili likikatika, likatike dogo.

### Boston

Gati liko South Boston, mbali kidogo na katikati ya mji. Teksi au basi la Silver Line litakufikisha. Jambo lako ni Freedom Trail, njia ya kilomita 4 yenye mstari mwekundu, sehemu matofali na sehemu rangi, inayopita kwenye vituo 16 vya kihistoria.

Kila mtu anaanzia bustani ya Boston Common, kisha anachoka kabla ya kufika mwisho. Wewe igeuze. Panda boti ya abiria kutoka Long Wharf hadi Charlestown, uone kwanza USS Constitution, manowari ya mbao iliyoshushwa majini mwaka 1797, halafu rudi kwa miguu ukifuata mstari. Kila hatua inakusogeza upande wa gati. Kuingia melini ni bure, lakini mtu mzima huombwa kitambulisho chenye picha, na si kila siku wanafungua. Mnara wa Bunker Hill una ngazi 294 na hauna lifti. Mwenye magoti mabovu autazame kutoka chini.

### Portland

Nyumbani, kwa hiyo nitajizuia. Ukitoka gatini uko Commercial Street, na mji mkongwe, Old Port, ni mwendo wa dakika chache. Jambo kubwa liko nje ya mji: mnara wa taa wa Portland Head, uliowashwa mara ya kwanza mwaka 1791, ndani ya bustani ya Fort Williams. Kwa gari ni kama dakika 15. Kwa miguu usijaribu.

Kosa la hapa ni kwenda na teksi bila kupanga ya kurudi. Kubaliana na dereva akusubiri au arudi saa fulani. Na usishangae dereva akikujibu kwa Kiswahili cha Bukavu. Huu mji umetupokea wengi.

Ukirudi, kula kambakoche ndani ya mkate. Huwa baridi, na wengine huchanganya na mayonezi. Ukipenda ya moto, omba ya siagi. Kwa Waislamu: ile supu nzito ya kombe na maziwa waiitayo chauda mara nyingi huwekwa vipande vya nyama ya nguruwe. Uliza kabla ya kijiko cha kwanza.

### Bar Harbor

Watu wanakuja kwa ajili ya Hifadhi ya Taifa ya Acadia na mlima Cadillac wenye mita 466. Kosa kubwa ni kudhani utapanda tu. Kuanzia mwishoni mwa Mei hadi mwishoni mwa Oktoba, gari binafsi, la kukodi likiwemo, linahitaji nafasi iliyolipiwa mapema mtandaoni ili kupanda barabara ya kileleni. Mabasi ya bure ya Island Explorer yanazunguka hifadhi kuanzia mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Oktoba, lakini kileleni hayaendi. Kama shabaha yako ni kilele, nunua ziara yenye kilele ndani yake. Kama hapana, panda basi la bure ukaone ziwa la Jordan Pond.

Maji yakiwa yanapwa mchana, mimi ningeacha mlima. Kutoka mjini kuna fungu la mchanga na kokoto linalojitokeza maji yakipwa, unavuka kwa miguu hadi kisiwa cha Bar. Njia iko wazi kwa saa moja na nusu kabla ya kupwa kabisa na saa moja na nusu baadaye. Mtu wa pwani anaelewa: maji yakianza kurudi hayakusubiri umalize picha. Ukichelewa, utakaa kisiwani kama saa tisa, na meli haitakaa nawe. Geuka kurudi saa ileile maji yanapofika mwisho wa kupwa.

### Saint John

Kwanza jina. Hii ni Saint John, jimbo la New Brunswick. Kuna St. John's nyingine, Newfoundland, mbali kabisa. Nimeshaona mtu kakata tiketi ya ziara ya mji usio wake.

Mimi nimekulia Tanga, bamvua nimeiona. Kwetu maji yakipanda mita nne tunasema bahari imejaa. Ghuba ya Fundy ina maji yanayopanda kuliko popote duniani: hapo bandarini Saint John hupanda kama mita 8, na ndani kabisa ya ghuba hufika 16. Asubuhi utaona nguzo za gati zimesimama uchi na mwani unaning'inia. Alasiri nguzo hizo hazipo.

Jambo la kuona ni Reversing Falls, yaani maporomoko yanayogeuka. Mto mkubwa wa Saint John unapita kwenye koo jembamba la mwamba kuingia baharini. Maji yakipwa, mto uko juu ya bahari, unaporomoka kuelekea nje kwa povu na mizunguko. Maji yakijaa, bahari inakuwa juu ya mto, na mkondo unageuka: mto unarudi ulikotoka. Katikati ya hali hizo mbili kuna dakika chache za utulivu ambapo maji yanalala kama ya kwenye beseni.

Sasa utaona kwa nini wanaokwenda mara moja wanarudi wakinung'unika. Ukienda saa ya utulivu, umeona mto umelala. Ukienda mara moja yakiwa yanapwa, umeona mto wenye kasi, na mito yenye kasi ipo hata Rufiji. Kitu cha ajabu ni mgeuko, na mgeuko unahitaji ziara mbili, zikiachana kama saa sita.

Fanya hivi: saa ya maji kupwa iliyo kwenye kadi, nenda. Simama sehemu ya kutazamia karibu na daraja, chagua alama, mimi hutumia gogo au kipande cha povu, ukitazame kinaelekea wapi. Piga picha. Rudi mjini, ule, kisha uende tena saa ya maji kujaa, usimame palepale na kutafuta gogo jingine. Likipita kuelekea upande wa pili, umefaulu. Kama meli inafika kuchelewa au inaondoka mapema na saa moja tu inapatikana, chagua ile ya maji kujaa, kwa sababu mto kurudi nyuma hutauona kwingine kirahisi.

Kati ya safari hizo mbili ingia soko la mji, City Market, lililofunguliwa mwaka 1876. Inua macho: mbao za dari zimejengwa kama meli iliyopinduliwa. Wanauza mwani mwekundu uliokaushwa, wanauita dulse, na wanautafuna kama sisi tunavyotafuna bisi. Nilimtumia dada yangu wa Paje picha, akajibu kwamba miaka yote wanalima mwani Zanzibar hakuna aliyefikiria kuula hivyo. Una chumvi. Nunua kifuko kidogo kwanza.

### Halifax

Hapa gati liko palepale mjini, kwa hiyo hatari ni kutaka vyote. Chagua kimoja.

Peggy's Cove, kijiji cha wavuvi chenye mnara wa taa juu ya mawe makubwa, kiko kama kilomita 45 nje. Ukienda, kuna sheria moja: usikanyage mwamba mweusi. Mweusi maana yake wimbi linafika hapo, hata kama kwa dakika kumi hujaliona. Watu wamezolewa hapo na kufa, na mabango yapo. Kaa kwenye mwamba mweupe uliokauka.

Makaburi ya Fairview Lawn yana wafu 121 wa Titanic, wengi wao kwenye mawe madogo ya kijivu yanayofanana yenye tarehe moja, 15 Aprili 1912. Baadhi hayana jina, ila namba: mpangilio ambao mwili uliopolewa baharini. Ni mahali pa kunyamaza.

Nami nakushauri Africville. Palikuwa na kijiji cha watu weusi kando ya maji, kilichobomolewa na mji miaka ya 1960. Meya aliomba radhi mwaka 2010, na makumbusho yapo ndani ya kanisa lililojengwa kwa mfano wa lile lililobomolewa. Wageni wengi wa meli hawafiki. Chukua teksi, tenga saa mbili.

Dogo la karibu: makumbusho ya wahamiaji ya Pier 21, hatua chache tu kutoka melini, mahali walipoingilia Kanada karibu watu milioni moja kati ya 1928 na 1971.

Meli ikikupeleka Sydney (ya Kanada, siyo ile ya Australia) au Charlottetown, tembea mjini kwa miguu, zinatosha. Quebec City panda kwa reli ya mlimani na ushuke kwa ngazi.

## Hatua ya 5: Amua nani akupeleke

Ziara ya meli ni ghali, mmejaa basi zima. Lakini ikichelewa, meli inaisubiri. Ukienda kivyako, haikusubiri.

Kipimo changu: kama jambo liko mahali ambapo naweza kurudi kwa miguu ndani ya saa moja, najitegemea. Mbali zaidi lakini ndani ya mji, teksi. Peggy's Cove au ngome ya Louisbourg kutoka Sydney, nalipia ya meli na kunung'unika kimoyomoyo.

## Hatua ya 6: Siku yenyewe

Tunda au sandwichi kutoka meza ya meli usishuke nayo. Matunda mabichi na nyama huzuiliwa ukaguzini. Kula, ushibe, ushuke mikono mitupu.

Kama Bar Harbor ni bandari yenu ya kwanza ya Marekani mkitoka Kanada, maofisa wa uhamiaji watapanda melini kumkagua kila mmoja. Inakula asubuhi. Usinunue ziara ya mapema siku hiyo.

Beba kadi ya meli (ile unayopewa ya kupandia), kitambulisho chenye picha, na kijarida cha siku hiyo. Ndani yake kuna namba ya wakala wa meli bandarini. Ukiachwa, huyo ndiye wa kwanza kumpigia.

Hotelini na mgahawani bei ya menyu siyo ya mwisho. Kodi inaongezwa, na mhudumu hutarajia asilimia 15 hadi 20 juu yake.

## Hatua ya 7: Kurudi

Uwe langoni saa nzima kabla ya ile uliyoandika kwenye kadi. Kwa Bar Harbor, uwe kwenye foleni ya boti saa moja na nusu kabla, kwa sababu kila mtu hukumbuka kurudi wakati mmoja.

Onyo la mwisho. Bangi ni halali Kanada tangu Oktoba 2018, na maduka yake yanapendeza kama maduka ya dawa. Kuivusha mpaka ni kosa, na asiye raia wa Marekani anaweza kupoteza viza yake. Hata peremende zake usiweke mfukoni.

Ukishapanda, nenda sitaha ya juu upande wa gati. Dakika kumi za mwisho hakosekani mtu anayekimbia na mfuko wa fulana, huku watu wote juu wakimpigia makofi. Mwangalie anatazama saa gani: ya mkononi au ya simu.